Kumsaka mpenzi aliyezikwa: Taharuki ya ‘Vertigo’ na siri iliyofichuliwa mapema

WAHENGA walinena kuwa maji yakimwagika hayazoleki. Hata hivyo, lipo kundi zima la riwaya na filamu ambazo wahusika wake hukataa katakata kuikubali kauli hiyo. Mwanamume amempoteza mpenzi wake. Jamaa wanasema amekufa, karatasi za serikali zinasema hivyo, na hata kaburi lipo. Kisha siku moja, katika msongamano wa watu barabarani, anapita mwanamke mwenye sura ile ile. Kuanzia hapo mwanamume huyo hana usingizi, na anayekifuatilia kisa chake hana usingizi pia.

Hizi ndizo kazi za taharuki ya kisaikolojia. Zinatofautiana na hadithi ya kawaida ya upelelezi kwa kuwa kitendawili chake kikuu hakimo katika alama za vidole wala bastola iliyotupwa kichakani, bali kimo kichwani mwa yule anayetafuta. Hadithi ya upelelezi huuliza ni nani aliyeua. Hii nyingine huuliza: mtu huyu anatafuta nini hasa, na akikipata atakifanyia nini?

Ni vigumu kuitaja kazi iliyoyajibu maswali hayo kwa ukatili kuliko Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1958. Jina hilo lina maana ya kisunzi, yaani kizunguzungu kinachompata mtu anapotazama chini kutoka mahali pa juu. Ilipotoka, wahakiki waliigawanyikia, wengine wakiiona ndefu na isiyoaminika. Kwa miaka mingi iliondolewa sokoni pamoja na filamu nyingine nne za mwelekezi huyo, na haikurejea kumbini hadi miaka ya 1983 na 1984, wakati Hitchcock, aliyefariki 1980, hakuwapo tena duniani. Mwaka 2012 jarida la Uingereza la Sight and Sound, ambalo hukusanya kura za wahakiki kila baada ya miaka 10, liliitangaza kuwa filamu bora kuliko zote, ikaipokonya Citizen Kane kiti ilichokuwa imekikalia tangu 1962. Katika kura ya 2022 ilishuka hadi nafasi ya pili, nyuma ya Jeanne Dielman yake Chantal Akerman.

Sifa hizo zote zina fumbo ndani yake. Katika filamu ambayo uti wa mgongo wake ni siri moja kubwa, Hitchcock alimpa mtazamaji siri hiyo mkononi zaidi ya nusu saa kabla ya mwisho. Kwa mujibu wa kanuni za utunzi wa taharuki, hilo ni kosa la mwanafunzi. Kulielewa kosa hilo ndiko kuielewa kazi yenyewe, na ili kulielewa yafaa kwanza kurejea mahali kisa kilikoanzia.

Hakikuanzia Marekani. Mwaka 1954 waandishi wawili Wafaransa, Pierre Boileau na Thomas Narcejac, walichapisha riwaya iitwayo D’entre les morts, yaani “Kutoka miongoni mwa wafu.” Wawili hao waligawana kazi kwa namna ya pekee: Boileau alisuka vitimbi na mafumbo ya njama, naye Narcejac akawapa wahusika nafsi, hofu na huzuni zao. Riwaya yao nyingine, Celle qui n’était plus ya mwaka 1952, tayari ilikuwa imetengenezewa filamu na Henri-Georges Clouzot, ile Les Diaboliques iliyowatia watazamaji kiwewe mwaka 1955. Uvumi ulienea baadaye kuwa riwaya ya 1954 waliiandika makusudi ili Hitchcock ainunue. Mwelekezi mwenzake, François Truffaut, ndiye aliyemweleza Hitchcock hivyo, lakini Narcejac alikana.

Maelezo ya Narcejac kuhusu chimbuko la kisa yanasisimua zaidi ya uvumi huo. Alisema wazo lilimjia akiwa ndani ya ukumbi wa sinema akitazama filamu ya habari, aina ile iliyokuwa ikionyeshwa kabla ya filamu yenyewe. Ghafla alidhani amemwona katika picha hizo rafiki aliyepotezana naye wakati wa vita. Ulaya ya miaka hiyo ilijaa watu wa namna hiyo, waliotenganishwa na vita, wakakimbilia miji ya mbali au kuchukuliwa mateka, na jamaa zao hawakujua kama waomboleze au wasubiri. Sura moja katika kiwambo ilitosha kuamsha tumaini lote.

Ndiposa riwaya inaanzia Paris mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yakiwa yanakaribia. Flavières ni wakili aliyewahi kuwa afisa wa polisi. Aliacha kazi hiyo baada ya mwenzake kuanguka kutoka paani na kufa, kwa kuwa yeye Flavières alishikwa na kisunzi, akashindwa kupanda. Rafiki wa zamani, Gévigne, anamwomba amfuate na kumlinda mkewe Madeleine, ambaye eti anaandamwa na roho ya mamake nyanya yake aliyejiua akiwa na umri kama wake. Flavières anamfuata, anamwokoa alipojitosa katika mto Seine, kisha anampenda. Anampa jina la utani la Eurydice, yule mke wa Orpheus katika ngano za Wayunani, ambaye mumewe alimfuata hadi kuzimu akampoteza mara ya pili kwa sababu aligeuka kumtazama. Anayeijua ngano hiyo ameshaonywa.

Madeleine anapanda mnara wa kanisa. Flavières anashindwa kumfuata. Kinasikika kilio, na mwili unapita dirishani ukianguka.

Vita vinapamba moto na Flavières anajikuta barani Afrika, mjini Dakar, Senegal, akifanya uwakili na kunywa pombe. Anaporejea Ufaransa baada ya miaka minne, Gévigne amekwisha kufa katika machafuko ya vita. Kisha jioni moja, katika sinema, filamu ya habari inaonyesha umati wa watu mjini Marseille. Mwanamke mmoja anageuza uso. Flavières anafunga safari siku hiyo hiyo, kwa maana ya moyo wake kama si ya ratiba ya garimoshi.

Hitchcock aliivua hadithi vita vyake vyote. Waandishi wa mswada, Alec Coppel na baadaye Samuel Taylor, waliihamishia San Francisco, mji wa vilima na barabara za mteremko, ambako hata kuendesha gari ni kupanda na kushuka. Flavières akawa Scottie Ferguson, mpelelezi mstaafu anayeigizwa na James Stewart. Gévigne akawa Gavin Elster, tajiri wa kuunda meli ambaye utajiri wenyewe ni wa upande wa mkewe. Madeleine, akiigizwa na Kim Novak, anaketi kwa saa nzima mbele ya mchoro wa marehemu Carlotta Valdes katika jumba la sanaa, anazuru kaburi lake, anajitupa majini chini ya daraja la Golden Gate, na hatimaye anakimbilia mnara wa kanisa la misheni ya San Juan Bautista. Msomaji akizuru kanisa hilo leo asishangae: mnara ule mrefu haupo. Ulichorwa na mafundi wa studio ukaunganishwa na picha ya kanisa halisi.

Ngazi za ndani ya mnara ndizo zilizoingia katika historia ya upigaji picha. Hitchcock alitaka mtazamaji ahisi kile anachohisi Scottie anapotazama chini: ardhi ikikimbia mbali huku yeye amesimama. Mpigapicha Irmin Roberts alikipata alichotaka kwa kuisogeza kamera upande mmoja huku lenzi ikivuta picha upande wa pili. Ngazi zilizotumika hazikuwa ngazi halisi bali mfano mdogo uliolazwa ubavuni, na sekunde hizo chache ziligharimu dola 19,000. Mbinu hiyo imeigwa mno tangu hapo, aghalabu pasipo sababu. Hapa ina sababu, kwani hilo ndilo hali ya mtu anayempenda asiyekuwapo, anavutwa na kusukumwa kwa wakati mmoja.

Baada ya anguko, uchunguzi wa kisheria unafanyika na kifo kinatangazwa kuwa cha kujiua. Scottie analaumiwa hadharani kwa udhaifu wake, kisha akili inamtoka, anawekwa hospitalini akiwa bubu. Anapopata nafuu anazurura mahali pote walipowahi kupita: mkahawani, katika jumba la makumbusho, mbele ya nyumba aliyoishi Madeleine. Kila mwanamke mwenye nywele za rangi ya dhahabu ni yeye, hadi anapokaribia.

Kuna taaluma inayoyaeleza mambo haya nje ya filamu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Pauline Boss, alianza katika miaka ya 1970 kuzichunguza familia za wanajeshi waliotoweka vitani Vietnam. Aligundua kuwa msiba usio na maiti hauna mlango wa kutokea. Anayeomboleza hujiona msaliti akikubali kwamba mwenzake amekufa, na hujiona mjinga akikataa. Sheria nazo hujaribu kuuweka mlango huo kwa nguvu. Nchini Kenya, kifungu cha 118A cha Sheria ya Ushahidi kinasema kuwa mtu asiposikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, atachukuliwa kuwa amekufa. Lakini sheria hiyo hiyo inakubali kwamba dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi. Hakimu anahesabu miaka. Moyo hauna kalenda.

Kesi ya Scottie ni ngumu zaidi ya hizo, kwa sababu maiti ilionekana. Aliiona kwa macho yake, imelala juu ya paa la vigae, mbali chini yake. Asichokiona ni uso. Njama yote imejengwa juu ya pengo hilo dogo, kati ya mwili ulioonekana na uso usioonekana.

Hapo ndipo anapokutana barabarani na Judy Barton, msichana wa dukani kutoka Kansas, mwenye nywele nyeusi kidogo, rangi nyingi usoni na sauti isiyo na madaha. Hafanani na Madeleine kwa mwendo wala kwa lafudhi. Anafanana naye kwa sura tu. Scottie anamwomba waende kula chajio. Anaondoka chumbani kumpa nafasi ya kuvaa, na mlango unapofungwa, Hitchcock anafanya lile ambalo riwaya haikulifanya.

Judy anageuka kuitazama kamera, na tunarejeshwa mnarani kwa kisengerenyuma. Tunaona kilichokuwa juu wakati Scottie alikwama kwenye ngazi. Elster alikuwa akingoja na maiti ya mkewe halisi, ambaye Scottie hakuwahi kukutana naye hata siku moja. Huyo ndiye aliyetupwa. Madeleine aliyependwa hakuwahi kuwepo. Alikuwa Judy, aliyekodiwa, akavishwa, akafundishwa kusema na kutembea, ili mpelelezi mwenye kisunzi awe shahidi wa kujiua kusikotokea. Judy anaandika barua ya kukiri yote. Kisha anaichana, kwa kuwa anampenda Scottie na anataka kujaribu kupendwa naye akiwa yeye mwenyewe.

Inafaa kukumbukwa kuwa onyesho hilo nusura liondolewe. Baadhi ya watu wa karibu na Hitchcock waliona linaiua siri, naye akayumba, lakini mwishowe studio ya Paramount ikashikilia lionyeshwe. Katika mazungumzo yake marefu na Truffaut, yaliyochapishwa kuwa kitabu mwaka 1966, Hitchcock alitoa mfano wa mtoto anayesimuliwa hadithi magotini pa mamake. Mama akinyamaza, mtoto huuliza kinachofuata. Katika riwaya, alisema, sehemu ya pili inaanza kana kwamba hakuna kinachofuata: mwanamume amekutana na mwanamke wanayefanana, basi. Lakini mtoto akijua kwamba wanawake hao wawili ni mmoja, na kwamba mwanamume hajui, swali linakuwa zito kuliko la awali. Je, atakapojua atafanya nini?

Wanafunzi wa fasihi watalitambua jambo hili mara moja. Ni kinaya, hali ambapo hadhira inajua asichokijua mhusika. Mshangao humshtua mtazamaji mara moja ukaisha. Kinaya humkalisha kwenye makaa kwa muda mrefu. Lakini faida ya uamuzi ule si ya taharuki peke yake. Kabla ya barua ile tulikuwa tukitazama kwa macho ya Scottie, tukimsaka Madeleine pamoja naye. Baada ya barua tunahamia upande wa pili wa meza, tukakaa na Judy, na kutoka hapo mwanamume aliyekuwa akituhurumisha anaanza kututisha.

Kwani anachofanya Scottie kuanzia hapo ni nini? Anampeleka Judy dukani kutafuta suti ya kijivu, si yoyote ya kijivu bali ile ile. Wauzaji wanazileta moja baada ya nyingine, yeye anatikisa kichwa. Judy anasihi, analia, anauliza kama hawezi kumpenda alivyo. Vinafuata viatu. Kisha rangi ya nywele, na Scottie anamwambia kwamba hilo haliwezi kuwa jambo kubwa kwake. Hata baada ya nywele kupakwa rangi bado hajaridhika, kwa sababu hazikufungwa kisogoni kwa ule msokoto. Judy anaingia msalani kuzifunga. Anapotoka, mwanga wa kijani wa taa za hoteli umemfunika kama mzuka anayetoka kaburini, muziki wa Bernard Herrmann unapaa, na Scottie machozi yanamlengalenga. Maji yamezoleka. Angalau ndivyo anavyodhani.

Ni onyesho la mapenzi na ni onyesho la mauaji kwa pamoja. Ili Madeleine afufuke, Judy ametakiwa kutoweka kipande kwa kipande, na amekubali. Yeye ndiye mtu pekee katika filamu nzima anayempenda mtu halisi aliye hai, na ndiye asiyeonekana. Anakaa karibu na mpenzi wake, anashikwa mkono naye, na bado anatafutwa kwingine.

Yafaa kutajwa hapa kuwa Midge, rafiki wa Scottie mwenye miwani na mcheshi, ambaye hayumo katika riwaya, naye alijaribu njia iyo hiyo. Alichora upya picha ya Carlotta akaupachika uso wake mwenyewe, akitumaini kumchekesha. Scottie alikasirika akaondoka. Baada ya onyesho la hospitalini Midge hatokei tena hadi mwisho wa filamu, na hakuna anayemuulizia. Watazamaji wengi hulitambua pengo hilo siku ya pili.

Nje ya hadithi, filamu yenyewe ilitengenezwa kwa mtindo ule ule wa kubadilisha mwanamke mmoja kwa mwingine. Hitchcock alikuwa amemwandalia nafasi hiyo Vera Miles. Miles alipopata ujauzito, nafasi ikamwendea Novak. Novak hakuipenda suti ya kijivu iliyobuniwa na Edith Head, lakini mwelekezi hakubadili nia yake. Baadaye Novak alieleza katika mahojiano kwamba alimwelewa Judy vyema, kwani Hollywood nayo ilikuwa imejaribu kumgeuza yeye kuwa mtu mwingine, kuanzia jina lake. Huenda ndiyo sababu uigizaji wake, uliobezwa na baadhi ya wahakiki wa siku hizo, ndio unaosifiwa mno leo.

Scottie anaujua ukweli kwa kosa dogo. Judy anavaa mkufu uliokuwa katika mchoro wa Carlotta. Hakumbuki kuuficha, au labda amechoka kuuficha. Scottie hasemi neno, anamchukua garini hadi San Juan Bautista na kumburuta juu ya ngazi zile zile. Safari hii anafika kileleni. Maneno anayomtupia njiani hayahusu sana marehemu mke wa Elster, mwanamke aliyeuawa kwelikweli na ambaye hakuna mtu anayemlilia. Kinachomuuma ni kwamba kulikuwa na mwanamume mwingine aliyemtengeneza Madeleine kabla yake, tena kwa ufundi zaidi. Hasira yake ni ya fundi aliyegundua kwamba kazi yake ni nakala. Kisha kivuli kinapanda ngazi, Judy anashtuka na kurudi nyuma, anaanguka. Alikuwa mtawa tu, aliyesikia sauti. Scottie anasimama ukingoni akitazama chini, kisunzi kimepona.

Elster naye? Katika filamu ilivyozoeleka hakamatwi. Mwisho mwingine ulipigwa picha kwa ajili ya wakaguzi wa nchi za nje, ambamo redio inatangaza kwamba polisi wanamsaka Ulaya, lakini haukuwa sehemu ya filamu iliyoonyeshwa Marekani. Kweli, kumkamata kungeirudisha hadithi katika upelelezi wa kawaida, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa swali.

Riwaya ina mwisho tofauti, na hapa ndipo Wafaransa wale wawili wanapostahili haki yao, kwa maana filamu imewafunika mno. Scottie hamdhanii Judy kuwa Madeleine. Anataka tu mfano wake. Flavières kwa upande wake anashikilia tangu mwanzo kwamba yule wa Marseille, anayejiita Renée, ndiye Madeleine mwenyewe. Kila mtu angemwita mwendawazimu. Yeye mwenyewe anajiita hivyo anapolewa. Anamhoji usiku na mchana, naye anakana. Mwishowe Renée anavunjika na kukiri, na inabainika kuwa yule mlevi aliyerukwa na akili alikuwa amesema kweli muda wote huku cheti cha kifo kikisema uongo. Ila ukweli huo haukumfaa. Yeye alikuwa akiomba aambiwe kwamba Madeleine amefufuka, akaambiwa kwamba Madeleine hakuwahi kuzaliwa. Anamnyonga kwa mikono yake. Msomaji wa 1954 hakupewa onyo lolote. Siri na mauaji vinamwangukia katika kurasa zile zile, na kwa njia yake mshtuko huo nao una nguvu ambayo filamu iliitoa sadaka.

Hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1892 Mbelgiji Georges Rodenbach alichapisha Bruges-la-Morte, kuhusu mjane wa kiume anayekutana na mcheza dansi anayefanana na marehemu mkewe. Anamvisha nguo za marehemu, na mwishowe anamnyonga kwa msokoto wa nywele za marehemu huyo huyo alizokuwa amezihifadhi. Wasomaji wa Kiswahili nao wanazijua njama zinazojificha nyuma ya wafu. Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, iliyochapishwa 1960, watu wanaisingizia mizimu mauaji yaliyotendwa na binadamu, kama Elster alivyomsingizia Carlotta. Tofauti ni kwamba Bwana Msa na kiko chake anaitazama mizimu kwa jicho kavu. Scottie aliipenda.

Miongoni mwa kazi za karne hii zilizofuata nyayo hizo, iliyo na ujasiri zaidi ni filamu ya Kijerumani Phoenix ya mwaka 2014, ya mwelekezi Christian Petzold, ambayo chimbuko lake ni riwaya ya Mfaransa Hubert Monteilhet ya mwaka 1961. Petzold ameigeuza hadithi nje ndani. Anayetafuta ni yule anayedhaniwa kuwa amekufa. Nelly, mwimbaji Myahudi, ametoka hai kambini Auschwitz akiwa na uso ulioharibiwa, na madaktari wamemtengenezea mwingine. Anazunguka katika vifusi vya Berlin ya 1945 akimtafuta mumewe Johnny, mpiga piano, anampata, na mumewe hamtambui. Anachokiona Johnny ni mwanamke anayefanana kidogo na marehemu, anayeweza kumsaidia kuupata urithi wa mkewe akifundishwa vizuri. Basi anaanza kumfundisha mkewe namna ya kuwa mkewe, jinsi ya kutembea, kuandika sahihi, kupaka nywele rangi na kuvaa gauni jekundu na viatu vya Paris. Nelly anakubali kila kitu, kama Judy, akingoja siku atakayotambuliwa.

Anatambuliwa mbele ya marafiki waliokuja kumlaki. Anamwomba Johnny apige piano, kisha anaanza kuimba, kwa sauti hafifu mwanzoni. Johnny anaijua sauti. Anainua macho na kuona, chini ya mkono wa gauni jekundu, nambari ya kambi iliyochanjwa ngozini. Vidole vyake vinaacha kupiga. Nelly anaumaliza wimbo bila piano, anachukua koti lake, na kutoka.